Risasi Moja ya Bibi

Kila Ijumaa asubuhi nyumba yetu ya Ibra ilinukia mafuta ya cherehani, na hakuna aliyekuwa akishona. Baba alikuwa akisafisha bunduki. Aliilaza juu ya gazeti kwenye chumba cha wageni, na Bibi, mama yake mzazi, alimwazima kichupa chake cha mafuta huku akinung'unika kwamba cherehani nayo ina haki yake. Bunduki yenyewe Baba aliinunua kwa mtu wa Al Qabil, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na wala hatukuwa na adui. Majirani wote walikuwa nayo, imetundikwa ukutani mahali ambapo mgeni ataiona kabla hajapewa kahawa, na sisi tuliohamia kwa Waarabu kutoka Unguja tulishachoka kutaniwa kwamba wanaume wa kwetu wanajua mpira na taarabu tu. Akaitundika na yeye. Ilikaa ukutani siku tisa. Siku ya kumi Mama alimkuta mdogo wangu Salum, wa miaka mitatu, amesimama juu ya mito ya wageni, vidole vyake vimeshafika kwenye kitako.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ulikuwa ugomvi wa watu wawili wenye haki. Mama alitaka bunduki ifungiwe, na kama haifungiki, irudi ilikotoka. Bibi alitaka iwe karibu na mkono. Babu alikuwa nayo moja shambani Unguja, ya kufukuzia kima, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Bibi kuitumia. Siku ya mapinduzi watu walipofika nyumbani, bunduki ilikuwa ndani ya kabati na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Babu, naye Babu yuko mjini. Bibi alihangaika na kabati lile kwa kisu cha jikoni mpaka wakaingia. Hakutusimulia zaidi ya hapo na hatukuuliza. Tulijua tu kwamba Baba aliwahi kuwa na kaka.

Baba akatafuta njia ya katikati. Bunduki ikaingia kwenye kabati la chuma chumbani kwao, ufunguo akakaa nao yeye. Risasi zikawekwa chini kabisa ya sanduku la Bibi, chini ya kanga zake. Mpaka yeye na mama yake wakubaliane, hakuna kitakacholia ndani ya nyumba ile. Baba alijivunia sana mpango wake. Bibi aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mwizi tumwambie asubiri, siyo?"

Mwaka ule ule Baba akahamishiwa kazi Sur. Akawa anaondoka Jumamosi alfajiri na kurudi Jumatano jioni, na ufunguo akamwachia Mama, aliyeuweka kwenye mtoto wa meza pamoja na kadi za kliniki. Bibi akawa hatulii. Alijaribu makomeo ya milango mara tatu, akakaa, akanyanyuka kuyajaribu tena. Pikipiki ikipita uchochoroni aliacha kula. Nililala naye chumba kimoja, na kila nilipogeuka nilimkuta amekaa kitandani, miguu iko chini, kama mtu anayesubiri gari. Siku moja Mama alipompeleka Salum kliniki, Bibi aliniita. "Zuhura mwanangu, nletee ule ufunguo." Nilikuwa na miaka kumi, na Bibi akiagiza kitu kinaletwa. Vidole vyake havikuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, lakini risasi aliisukuma ndani bila hata kuitazama. "Moja tu," akasema. "Na wewe hukuona kitu." Nikaapa kwamba sikuona kitu.

Ukawa mtindo wetu. Jumamosi tunaitia, Jumatano adhuhuri tunaitoa, Mama akiwa jikoni, na Ijumaa Baba anasafisha bunduki tupu. Bibi akaanza kulala na hata kukoroma. Usingizi wake aliupata kwangu. Nilifanyia kazi za shule sakafuni, mgongo umeegemea kabati lile, na Mama akadhani napenda ubaridi wa chuma. Salum akilisogelea nampiga kofi, analia, napigwa mimi. Usiku niliota mlango wa kabati umejifungua wenyewe. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza, na sikuwa na pa kuuweka mzigo ule.

Jumatano moja Baba akafika asubuhi badala ya jioni, kwa sababu jirani yetu Mzee Hamed alikuwa anamwoza mwanawe. Ufunguo ukarudi mfukoni mwake na risasi bado imo ndani ya bunduki. Bibi alinitazama kwa juu ya sinia la chai na nikajua la kufanya: kungoja Baba auache ufunguo mahali kabla ya Ijumaa. Lakini Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Mzee Hamed akabisha hodi kuazima bunduki kwa ajili ya razha. Harusi za kule wanaume husimama safu mbili wakiimba, na vijana hucheza katikati, wanarusha panga juu na kuzidaka, wanarusha na bunduki. Jirani haombi kitu cha harusi akanyimwa. Tena ilikuwa mara ya kwanza mtu wa mtaa ule kuhitaji kitu kutoka nyumba ya Wazinjibari. Baba aliitoa kabatini kwa mikono miwili, uso umemkunjuka, na hakuikagua. Angeikagua ya nini, wakati risasi zote ziko kwa mama yake? Wakatoka pamoja.

Nilikuwa namfunga Salum vifungo vya kanzu nilipouona mtutu ukipita dirishani. Bibi alishatangulia kwenye nyumba ya harusi, yuko na wanawake jikoni. Nilimwacha Salum na vifungo viwili na kukimbia, si kwa Bibi bali uwanjani kwa wanaume. Nasor, mdogo wake bwana harusi, alishaanza. Bunduki yetu ilipanda juu, ikazunguka, ikamrudia mkononi, na mbele yake watoto wamekaa chini mstari mzima wakipiga makofi. Nikamvuta Baba kanzu. Ngoma zilinishinda, ikabidi ainame.

"Baba, bunduki ina risasi."

"Risasi ziko kwa Bibi."

"Bibi kaitia."

Hakuniuliza mara ya pili. Alikatiza katikati ya safu, mahali ambapo mtu haingii akiwa hakualikwa, akaishika bunduki ikiwa bado mikononi mwa Nasor. Akavuta kile chuma cha ubavuni. Risasi ikadondoka mchangani na ngoma zikanyamaza moja moja. Baba akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba kosa ni lake, ameisahau. Mzee Hamed aliiokota, akaipangusa, akamtia Baba mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, akawaashiria wapigaji waendelee. Hakuna aliyekuja tena kuazima kitu kwetu.

Nyumbani Baba hakupaza sauti. "Mama, mtoto wa watu angekufa," alisema. Bibi akajibu kwamba anajua. "Na wangu umemfundisha kuiba." Hapo Bibi akainuka, akaenda kwenye sanduku, akarudi na risasi zote ndani ya kanga, akamwagia Baba mapajani. "Zichukue. Lakini nambie, miye ntalala vipi?" Baba akazifunga tena ndani ya kanga. Wiki ile bunduki ikarudi Al Qabil, na Bibi akatoa godoro lake akalitandika ukumbini, mbele ya mlango wa mbele, mikono mitupu. Kila Jumamosi mpaka Jumatano alilala hapo, mpaka kazi ya Sur ikaisha. Mimi niliyemnyima usingizi nilikwenda kulala pembeni yake.

Sasa naishi Nizwa. Mume wangu ana bunduki pia, imo ndani ya kasha la chuma lenye kufuli la tarakimu, na aliyemwuzia alimhakikishia kwamba linafunguka upesi kuliko mtu kuvaa viatu, na mtoto hawezi. Ugomvi wa Mama na Bibi umemalizwa na kiwanda. Tuna ukuta mrefu, tuna kamera, na kila nikiiangalia kamera naona paka. Hata hivyo mume wangu akisafiri kikazi, nalifungua kasha, nahakikisha bunduki ni tupu, nalifunga, nalijaribu tena. Kisha nalivuta godoro mpaka mlangoni kwa watoto. Binti yangu aliniuliza juzi namlinda na nani. Bibi angeweza kumtajia majina ya walioingia siku ile, maana wengine walikuwa jirani zake. Mimi nilisimama na mto mkononi, nikitafuta hata jina moja.