Tumbo la Mkwe

Mume wangu hana vidonda vya tumbo, na hajawahi kuwa navyo. Anatafuna pilipili mbichi na ugali wa muhogo, kisha anaomba ukoko. Lakini kwa wazazi wangu, kijijini ndani ya Kiabakari, alikuwa mgonjwa kwa miaka mitatu, na ugonjwa huo nilimpa mimi kwa mdomo wangu.

Kwetu ni Wakatoliki, wakulima. Mume wangu ni Mwislamu wa Bunda, fundi makochi, na tunaishi Nyakato, Musoma. Tulipofunga ndoa bomani baba hakuja. Hakutuita nyumbani mpaka binti yetu alipotimiza mwaka mmoja, na siku hiyo alikuwa na furaha kiasi kwamba alikamata jogoo wake mkubwa akamchinja mwenyewe, sisi tukiwa bado njiani. Sahani ilipowekwa mezani, mume wangu akanitazama. Asingeweza kula nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu mwenzake. Baba analijua jambo hilo kama kila mtu anavyolijua. Siku ile furaha ilimsahaulisha. Ningesema neno moja tu, labda tungecheka. Lakini mimi nilimwogopa baba. Niliona kwamba nikimwambia mkwe wake hawezi kula alichochinja, atasikia kuwa mkono wake ni najisi, na tutarudi kununiana upya.

“Ana vidonda vya tumbo, baba,” nikasema. “Daktari kamkataza nyama.”

Mama akainuka pale pale kwenda kukoroga uji wa ulezi.

Uongo ule haukuomba chochote mwaka wa kwanza. Baadaye ukaanza kudai matunzo. Tukienda siku za samaki mume wangu anapona, maana samaki hachinjwi. Siku za nyama anapewa uji, na mama anamsimamia mpaka bakuli liishe. Kisha baba akaanza kuleta dawa. Mizizi fulani, michungu ajabu, ameichemsha na kuijaza kwenye chupa za soda. Mume wangu alikunywa zote, kwa adabu, huku ananitazama kwa jicho ambalo nalijua.

“Mwambie mzee ukweli,” alikuwa akiniambia tukirudi.

“Humjui baba,” namjibu. Nilikuwa na hilo jibu moja tu, nikalitumia miaka mitatu.

Pasaka iliyopita tulifika Jumamosi mchana. Tulibeba sato wawili kutoka Musoma, na mama akawapika na nyanya nyingi. Tulikula vizuri. Binti yetu, ambaye sasa ana miaka minne na hajui kunyamaza hata akiwa na mwiba wa samaki mdomoni, alikaa mapajani kwa babu yake akichaguliwa minofu. Baba akaanza kupanga sikukuu.

“Kesho ni jogoo,” akasema. “Wewe mkwe pole, utakuwa unatuangalia tu.”

“Baba anakulaga kuku,” mtoto akasema.

Nikamwambia ale chakula chake.

“Anakulaga! Kila Ijumaa akitoka msikitini. Anakulaga na mapaja yote mawili, mama anamgombezaga.” Akamgeukia babu yake, amfafanulie vizuri. “Tumbo la baba linaumaga tukija huku kwako tu.”

Mama aliangalia sufuria. Mume wangu aliweka tonge chini. Mimi nilitamani kucheka, na nikaona aibu kwa kutamani. Baba alimtoa mwiba mjukuu wake, akamfuta mdomo, akanawa mikono. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake nje, na mpaka tunalala alizungumza na kila mtu isipokuwa mimi.

Asubuhi nilisikia anamwita mume wangu uani. Nilichungulia dirishani roho juu. Baba alikuwa ameshika jogoo kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono mwingine.

“Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,” alisema. “Wewe una mwaka wa tatu unakunywa uji tu. Kamata kisu.”

“Mzee, naomba unisamehe...”

“Nikusamehe nini? Mgonjwa hakujitangaza, alitangazwa. Chinja, jua lisituchome.”

Mume wangu akauliza kaskazini ni wapi, ndiko kibla, baba akamwonesha upande wa zizi, na akamshikia jogoo miguu. Wakabaki pale wanaongea habari za mbao za makochi, mti gani unaliwa na wadudu na upi unadumu. Nilisimama dirishani nikiwaza kwamba jambo zima lilihitaji kisu kimoja na maneno mawili. Nilijichukia kidogo.

Tulikwenda misani mimi, baba na mama. Mume wangu na mtoto walibaki kunyonyoa. Misa ilikuwa ndefu, kanisa la kigango limejaa hadi nje. Ilipokwisha watu walikuja kumpa baba mkono wa Pasaka, na mzee mmoja wa jumuiya yao ya sala, aliyevaa koti zito kwenye joto lile, akauliza kwa sauti, “Na yule mkwe? Tumbo linaendeleaje?”

Nilidhani ni salamu. Mwanamke mmoja akadakia, “Sisi tunamwombeaga kila Alhamisi.” Wa tatu akasema nia ya misa ya mwezi uliopita ilisomwa vizuri, hata padre aliuliza ni kijana wa wapi. Ndipo nikaelewa. Baba alikuwa amemtolea mume wangu nia za misa. Alisimama mbele ya jumuiya yake yote, yeye ambaye hakuja bomani, akaomba watu wapige magoti kwa ajili ya tumbo la Mwislamu. Na walipiga, wiki baada ya wiki, kwa ugonjwa ambao niliutunga mezani kwa kuogopa maneno.

Wote wakamtazama baba wakisubiri jibu. Nilitaka niseme mimi. Nilifungua mdomo kabisa.

“Amepona,” baba akasema.

“Kabisa?”

“Kabisa. Leo anakula nyama.”

Akina mama wakapiga vigelegele pale pale mlangoni mwa kanisa. Yule mzee wa koti akavua kofia akasema Bwana ni mwema, na kwamba lazima watoe misa ya shukrani. Baba akaitikia kwa kichwa. Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akidanganya; wanunuzi wa pamba walikuwa wanamcheka kwa kuwaonesha mwenyewe gunia lililopata unyevu.

Tulitembea kurudi nyumbani. Mama alitangulia kwa makusudi, nadhani, akiwa na wenzake. Mimi nilikwenda kando ya baba, polepole kwa sababu ya goti lake linalomuuma, lile alilokuwa akipanda nalo mlima kuchimba ile mizizi.

“Baba, nisamehe,” nikasema.

Moshi wa jiko letu ulikuwa unaonekana, na sauti ya mtoto akimwamrisha baba yake jambo fulani.

“Ulifikiri nitamfukuza kwa sababu ya kuku,” baba akasema. Hakuuliza, alisema tu.

“Ndiyo.”

Alisimama kidogo kupumzisha goti, akaniegemea begani.

“Uongo wa leo ni wangu,” akasema. “Nitauungama mwenyewe. Ule wa miaka mitatu sikusaidii kuubeba.”