Ukuta Kwenye Njia ya Maji

Tulipohamia Kitengela kutoka Machakos, miaka ya tisini, nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na korongo. Wakati wa kiangazi watoto walicheza mpira humo. Mvua ikinyesha, maji yalifuata korongo hilo hadi mtoni bila kumgusa mtu. Kisha tajiri mmoja akanunua ploti, akajenga ukuta wa mawe kulikatiza korongo. Tulipoenda kwa chifu kulalamika, alituambia tuache wivu.

Mvua ya Elnino ilipokuja, maji yaligonga ukuta ule, yakageuka, yakaingia kwetu mchana kweupe. Jirani yangu, mama Msomali mwenye duka, aliishi na mamake mzee asiyeweza kutembea. Mume wangu na wenzake waling'oa mlango, wakamlaza juu yake, wakambeba huku maji yakiwafika kifuani. Alitoka akiwa hai, lakini amelowa chepechepe na anatetemeka. Wiki haikuisha, nimonia ikamuua.

Chifu alikuja kutoa pole, akasema ni mapenzi ya Mungu. Jirani yangu alimtazama.

"Mungu alileta mvua," akasema polepole. "Huu ukuta ulijengwa na mtu, na wewe unamjua."

Chifu akaaga haraka, akaondoka.

Kulipokucha tuliazima nyundo na mitaimbo kwa wachimba mawe, tukabomoa ukuta pale maji yalipopita zamani. Mawe yake tukayapanga kuwa kingo za mtaro. Tajiri mwenye ukuta alikuja na askari. Jirani yangu akasimama kwenye pengo, nami nikaenda nikamshika mkono. Majirani wengine wakatufuata. Askari wakatuamuru tutoke, hatukutoka. Waliondoka wakisema watarudi, na hawakurudi.

Masika yaliyofuata, maji yalipita salama. Tangu hapo, kila mvua ikikaribia, tuliingia mtaroni sote kuzoa matope na takataka.

Miaka ikapita. Siku moja chifu yuleyule akaleta wageni kutoka Nairobi, akawaeleza jinsi ofisi yake ilivyowakinga wananchi na mafuriko. Wakampigia makofi. Mimi na jirani yangu tulikuwa humo humo mtaroni, matope hadi magotini, majembe mkononi. Hakuna aliyetuuliza lolote. Yule mama mzee hakutajwa hata kidogo. Nikikumbuka makofi yale, damu bado inanichemka.