Regilateri ya Mama Odette

Nimekuwa fundi wa umeme wa magari Buyenzi miaka mingi, lakini nikikumbuka juma lililopita uso unaniwaka. Mama Odette, muuguzi wa Kinanira, aliniletea gari lake la otomatiki. Regilateri, kile kifaa kinachoshika mwendo bila kukanyaga mafuta, ilikuwa haishiki tena, na goti lake bovu lilimtesa safarini.

Nilibadilisha swichi ya breki, maana breki ikiguswa tu regilateri hujikata, nikaenda kujaribu barabara ya Rumonge. Ikagoma. Mwenzangu Hamisi, aliyenifuata kwa pikipiki, akapiga kelele:

"Mataa ya freni inawaka tu!"

Nikasimama, nikashuka kutazama taa za breki. Zimezima. Nikaendesha tena, zikawaka. Nilifumua nyaya siku mbili nisielewe kitu.

Jumamosi Mama Odette akaja tujaribu pamoja. Nikashika usukani, nikabonyeza kitufe cha regilateri. Ikagoma.

"Unaona, Mama? Hii gari iko na shetani."

Alikuwa ameinama, anatazama miguu yangu.

"Fundi, ule muguu ya kushoto inafanya nini pale?"

Nikatazama chini. Mguu wangu, uliozoea klachi, ulikuwa umestarehe juu ya breki. Nikauondoa, nikabonyeza tena, na gari likashika mwendo, huku Mama Odette akicheka hadi akafuta machozi.