Homa ya Papasi Iliyonirudia Mlimani

Kabla ya vita maisha yangu yalikuwa kupanda mpunga, kupika chumvi na kulea. Chuo cha Kurani nilikiacha kabla sijamaliza Juzuu Amma, kwa sababu mama alifariki akimzaa mdogo wetu Tatu, na mtoto mchanga hangojei mtu amalize aya. Kwetu ni chini ya Mohoro, bondeni kando ya mto. Msimu wa mpunga tulihamia shambani tukalala juu ya dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, maji yanapita chini yetu na sisi juu tunapiga kelele kufukuza nguruwe. Niliona kulala juu ni adhabu ya watu wa bondeni. Nilitamani siku moja nilale chini, penye udongo mkavu, kama watu wa kwingine. Tamaa hiyo niliipata, nayo nusura iniue.

Vita vya Maji Maji vilipoanza, baba alitoka na wenzake, wamejifunga mabua ya mtama kichwani, wamenyunyiziwa dawa, wanaamini risasi zitageuka maji. Hakurudi. Baadaye askari walipita wakachoma maghala, na mwenye mpunga akabaki na majivu. Tulibaki watatu: mimi, Salehe anayenifuata, na Tatu ambaye maneno yake yalikuwa bado nusunusu.

Shangazi yetu alituchukua, lakini na yeye alikuwa na njaa yake. Siku moja aliniita jikoni.

"Mwanangu, sitakudanganya. Kuna mtu wa kisiwani Mafia anamtaka Salehe akamfanyie kazi. Na kuna mama mmoja hana mtoto, anamtaka Tatu. Huko watakula."

"Shangazi, hawa watoto hawatenganishwi."

"Basi walishe."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Tukapatana hivi: mimi nitabeba chumvi kwenda milima ya Uluguru, ambako tulisikia mashamba hayakuchomwa, nibadilishe kwa mahindi na maharage. Masika yakianza kunyesha kwetu sijarudi, shangazi atawatoa wadogo zangu, mmoja huku, mwingine kule.

Siku zile wanaume hawakuthubutu kushika njia na mzigo. Wakionekana walikamatwa wabebe mizigo ya serikali. Kwa hiyo tulikwenda wanawake. Mwenzangu alikuwa Bi Nyange, mjane aliyewahi kusafiri na mumewe mpagazi. Alikuwa na mdomo, lakini moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko mdomo.

Tulifuata mto kwenda juu, kila mmoja na kanda lake la chumvi, mfuko wa ukindu. Usiku tulilala kwenye kambi, vibanda vya zamani vilivyojengwa na wapagazi. Kadiri tulivyokaribia milima baridi ilizidi. Kwenye kambi moja chini ya mlima nilikuta sakafu ya vumbi laini, kavu kabisa, na majivu ya watu waliotutangulia. Bi Nyange aliwasha moto. Mimi nikajilaza palepale chini, karibu na makaa, nikajifunika kaniki yangu.

"Bi Nyange, leo nimelala kama binti wa sultani."

"Lala, binti wa sultani. Kesho utajua kwamba sultani hana punda, mzigo anajitwisha mwenyewe."

Asubuhi nilikuwa na vidonda vidogo vya kuumwa kwenye kiuno na mapajani, vyekundu, vinawasha. Nilidhani ni kunguni. Nilijikuna, nikajitwisha chumvi.

Mtu wa bondeni hajui kupanda. Kwetu mlima ni kichuguu. Kila tulipofika juu tuliona nyuma yake kuna juu nyingine. Ukungu ulishuka mpaka sikuona miguu yangu. Nilipochoka nikawa naipinda mikono kama mtu anayepiga makasia. Bi Nyange alicheka mpaka akaweka mzigo chini.

"Wewe mtoto wa matope, mlima haupandwi kwa kasia!"

Tulilala kwenye vibanda vya walinzi wa mahindi, tukiomba kwa wenyewe. Mimi sikulala vizuri. Nilihesabu mawingu. Kila tone la mvua lililoanguka kwenye majani ya migomba niliona ni tone linaloanguka Mohoro, na shangazi anamfungia Salehe mkeka.

Ndipo homa iliponishika, ghafla, mchana, nikiwa nateremsha mzigo. Kwanza meno yaligongana. Kisha kichwa kikauma kana kwamba kuna mtu ndani anatwanga. Mgongo, viuno, nyama za miguu, kila mahali paliuma. Nilitapika mpaka yakatoka maji ya kijani, machungu. Damu ilinitoka puani. Ubavu wa kushoto ulivimba, ukiugusa napiga kelele. Niliweweseka nikamwamrisha Bi Nyange afukuze nguruwe.

"Nguruwe nimewafukuza," alinijibu. "Kunywa uji."

Ilinikaa siku kadhaa bila kushuka. Kisha, alasiri moja, nilianza kutoka jasho. Kaniki ililowa mpaka Bi Nyange akaikamua kama nguo ya kufua. Jasho lilipokauka mwili ulikuwa wa baridi, kichwa chepesi, na njaa kali. Nilikaa kitako nikacheka.

"Nimepona! Twende."

Tulifika kijiji cha juu nikiwa na miguu ya mtoto anayejifunza kusimama. Huko tulipokewa na mama mmoja mwenye shamba, Mama Kobelo. Chumvi alionja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho kwa raha. Biashara ilikwisha haraka: mahindi na maharage, kwa kadiri nilivyoweza kujitwisha. Nilikuwa tayari nafunga kanda nishuke siku ileile. Mama Kobelo alinishika kidevu akanigeuzia uso kwenye mwanga. Akatazama macho. Akaniomba nimwonyeshe kiuno.

"Ulilala chini kambini?"

"Ndiyo, mama. Palikuwa pakavu."

"Ndiyo maana. Papasi wanapenda pakavu. Wanakaa kwenye vumbi, wanakuuma umelala, na mchana huwaoni. Homa yao huondoka ikarudi. Tulia hapa."

"Lakini nimepona."

"Imeondoka. Hujapona."

"Mbona Bi Nyange hakuumwa?"

Bi Nyange akajibu mwenyewe. "Mimi waliniuma zamani, safari na marehemu. Niliumwa nikapona. Siku hizi nadhani wananionja wakatema."

Sikutulia. Nilikuwa nasikia ngurumo upande wa mashariki, kwetu. Nilisema masika yameanza. Bi Nyange alinikumbusha kwamba mvua za mlimani hazikuwemo katika mapatano yangu na shangazi. Nikaondoka hata hivyo, na yeye akanifuata akinung'unika. Siku chache tu baadaye, tukiwa kwenye mteremko, meno yakaanza tena kugongana. Nilimwambia nimekanyaga maji baridi. Aliniambia, "Usinifanye mjinga," akanitua mzigo kichwani kabla sijaanguka nao. Akanivuta kurudi kwa Mama Kobelo, hatua moja tunapanda, mbili tunakaa.

Mara hii nililia. Maumivu nilikuwa nimeshayajua. Nililia kwa sababu nilimwona Tatu mlangoni kwa watu wengine, anaulizwa jina lake, analitaja nusu. Mama Kobelo alinichemshia mizizi michungu, akanifukiza kwa majani chini ya nguo. Sijui kama dawa ile iliniponya. Najua kwamba alinipa maji kila nilipotapika na hakuniacha nilale njaa. Na jambo moja alilosema lilinishika kuliko dawa:

"Itarudi tena, lakini itakuwa dhaifu kuliko hii. Homa hii inachoka. Wewe usichoke kabla yake."

Basi nikaanza kufikiri. Nilikuwa napigana nayo kama mtu anayepigana na mafuriko. Kwetu hatupigani na mafuriko. Maji yakija tunapanda dunguni, yakipungua tunateremka kufanya kazi. Nikamwambia Bi Nyange: homa ikiondoka tutatembea, ikikaribia kurudi tutakuwa tumeshapata mahali pa kulala. Na kila kambi, kabla ya moto, tutajenga ulili, kitanda cha fito juu ya nguzo. Sitalala chini tena.

"Hatimaye," alisema, "mtoto wa matope amekumbuka kwao."

Tulishuka hivyo. Wakati wa nafuu nilitembea hata mwili ukinisihi nikae. Jioni Bi Nyange alikata fito, mimi nikafunga kamba za magome. Usiku nilijinyoosha juu, baridi inapita chini ya mgongo wangu, nikaishukuru baridi ile.

Mara ya tatu ilinikuta kambini kando ya mto, karibu na njia kuu. Nilikuwa juu ya ulili, kanda la mahindi limewekwa chini ya kichwa changu, wakati askari wawili walipoingia kutafuta chakula. Nilisikia sauti zao kama zinatoka ndani ya mtungi.

"Mzigo wa nani huo?"

"Wa mgonjwa, afande," alisema Bi Nyange.

"Utoe. Tuone."

Nilishika kanda kwa mikono miwili. Sikuwa na nguvu ya kuzuia hata kuku, lakini nilishika. Mmoja wao alinikaribia, akainama. Macho yangu yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Kabla hajagusa kitu nilitapika, na kijani kile kikamwangukia kwenye mguu. Aliruka.

"Ana nini huyu? Ndui?"

"Mimi si mganga, afande. Mguse umuulize."

Walitoka nje. Tukawasikia wakijadiliana kidogo, kisha nyayo zao zikapotea. Bi Nyange alikaa chini akatetemeka kuliko mimi. Halafu akaanza kucheka, akaniambia, "Leo homa imekulipa chakula chake."

Mara hii jasho lilikuja mapema, kama Mama Kobelo alivyosema. Tukaenda.

Tulipokaribia Mohoro anga lilikuwa jeusi upande wa bahari, na kwetu mvua ilikuwa imeshaanza. Matone ya kwanza yalinipiga tukiwa tunaona minazi ya kijiji. Nilikimbia. Bi Nyange alinipigia kelele nisianguke, nami nilianguka, nikainuka. Mtumbwi ulikuwa umefungwa mtoni, mtu wa Mafia amekaa ndani anangoja maji yajae. Salehe alikuwa ukingoni na mkeka wake kwapani. Tatu alikuwa amemshika nguo, ameing'ang'ania, na shangazi anajaribu kuvifungua vidole vyake kimoja kimoja.

Shangazi aliniona, akaweka mkono mdomoni. Walikuwa wameshanisomea dua ya marehemu. Salehe alisimama tu, kama amepigwa. Tatu ndiye aliyekuja. Alinitazama macho yangu ya manjano na mashavu yaliyoingia ndani, akainama, akanigusa miguu kuona kama inakanyaga ardhi.

"Dada?"

"Ni mimi. Nenda kawashe moto."

Shangazi alipima mahindi kwa macho. Akamwendea mwenye mtumbwi akamwambia afungue kamba, aende zake.

Homa ilinirudia mara moja zaidi, nyumbani, dhaifu kama wageni wanaopita kuaga. Tatu alikaa kando ya kitanda ananifukuzia nguruwe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Bi Nyange, aliyekuwa na sababu zote za kuniacha. Namshukuru Mama Kobelo, ambaye sikumwona tena. Ninyi mnaougua, au mnaouguza, nawaomba: ahueni ya kwanza msiiamini sana, na homa ikirudi msiseme ndio mwisho. Kunyweni maji, kuleni hata kidogo, jueni lini mtembee na lini mlale. Na mkipita njia ya mbali mkakuta kibanda cha zamani kikavu na cha kuvutia, msilale chini.

Wajukuu hunicheka. Nyumba yangu iko mahali pa juu, mafuriko hayafiki, na kitanda changu nimekipandisha juu ya matofali mpaka nahitaji kigoda kukipanda. Wananiuliza naogopa nini. Nawaambia wawaulize Salehe na Tatu. Hawahitaji kwenda mbali. Mmoja anakaa mlango wa kulia, mwingine wa kushoto.