Nyambizi ya Mnyambe

Juzi mwalimu wa fizikia alichora ubaoni kitu kama muhogo mnene, akageuka na kutuuliza: chombo hiki kikiwa chini kabisa baharini, kinapandaje juu? Darasa zima likainamia madaftari. Mimi nikacheka. Sikucheka kwa dharau, wallahi. Jibu nililijua, nikakumbuka lilivyotutoa jasho kulipata. Mwalimu hakutaka kujua sababu. Alinikabidhi fyekeo, akanionyesha nyasi nyuma ya vyoo, ndiyo maana nakuandikia haya viganja vikiwa na malengelenge.

Najua utasema mtoto wa sekondari hana utoto wa kukumbuka, bado yumo ndani yake. Sawa. Lakini wangu niliuacha Mnyambe, juu uwandani, nyumbani kwa bibi, nami siku hizi niko chini huku Masasi, ambako watu wanaoga wakiimba. Kule juu haogi mtu akiimba. Unaoga kwa kikombe, umekunja uso, unapiga hesabu ya mgongo na kwapa. Bibi alikuwa na kisima cha saruji cha kukinga mvua inayotoka kwenye bati. Kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo ulilala kwenye pindo la kanga yake. Maji yaliyonawa uso yalinawa miguu, yaliyonawa miguu yalikwenda kwa mpapai. Siku niliyopindua kopo alinichapa kwa mwiko, na kila mwiko ukishuka anasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, mume wangu." Ndiyo, mume wangu. Ndoa ya bibi na mjukuu haina wa kuiamua.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipoachiwa huru, kila mwenye lori akageuka mnunuzi wa korosho. Jirani yetu alikuwa na lori. Alipeleka korosho Dar es Salaam, akarudi na jenereta, friji la soda, televisheni ya kuangalizia video, na kompyuta ya mtumba. Usifikirie makubwa. Ilikuwa kibao cha herufi tu, kinene kama mkate wa boflo, unakiunganisha kwenye televisheni kwa waya. Waliomuuzia walimwambia kitampigia hesabu za magunia. Hakikupiga hata ya gunia moja. Kilikuja na kaseti moja, na ndani ya kaseti hiyo kulikuwa na mchezo wa nyambizi, ile meli inayotembea chini ya maji. Jirani aliutazama mara moja, akasonya, akatuachia watoto tucheze mchana, wakati jenereta inapoza soda zake.

Kwanza kaseti iingizwe kwenye redio iliyounganishwa na kile kibao. Ilipiga kelele kama mashine ya kusaga iliyomeza kijiko, nasi tumekaa hatupumui, maana mtu akigusa waya yote inaanza upya. Halafu kelele zinakatika ghafla, na pale kwenye sebule yenye harufu ya korosho mbichi na mafuta ya dizeli, bahari inatokea. Mstari wa kijani juu, giza chini yake. Pembeni namba za kina, hewa na betri. Na ule mlio: tiii... tiii... Ni manowari ya adui inatutafuta. Mlio ukiwa wa polepole, iko mbali. Ukiharakisha, iko juu ya vichwa vyenu. Sisi ambao bahari tulikuwa tumeisikia tu tulikaa chini yake kila mchana, koo zimekauka.

Kapteni alikuwa dada yangu. Alikuwa amemaliza la saba, na ilishapangwa kwamba mvua zikianza atahamia Lupaso kwa shangazi, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua na shamba linamngoja. Likizo ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kuwa naye. Nyumbani dada alikuwa wa kutumwa: teka, osha, twanga. Mbele ya kile kibao alikuwa mtu mwingine. Akisema "Kimya!" mimi nanyamaza, jambo ambalo walimu wote wa shule yetu walilishindwa.

Tatizo ni kwamba tulikuwa tunakufa kila siku. Kushuka tulijua: bonyeza kitufe cha kujaza, maji yanaingia kwenye matangi ya nyambizi, inazama taratibu kama gunia la choroko. Kupanda ndiko kulitushinda. Tulivuta usukani, tukaongeza injini, ikapanda kidogo, betri ikaisha, hewa ikafuata. Kitufe cha kumwaga kilikuwepo, jirani alikuwa ametutafsiria. Tulikiruka. Sasa fikiria nawe: watu wako safarini, bahari ni chumvi tupu, wana matangi yamejaa maji. Mtu gani mwenye akili timamu atayamwaga? Watakunywa nini? Dada alikibandika kipande cha plasta kile kitufe nisije nikakigusa kwa bahati mbaya. Tukizama tulijipongeza. "Tumekufa," nilikuwa natangaza, "lakini maji tunayo!"

Halafu akaja mpwa wa jirani. Alitoka Masasi na lori, saa ya namba mkononi, viatu havina vumbi. Aliamkia wakubwa vizuri, "Shikamoo, shikamoo," akatugeukia sisi.

"Mnaogaga nyie au mnajipangusa?"

"Tunajipangusa," nikamjibu. "Kwa mashati ya wageni."

Jirani akatoa tangazo akiwa mlangoni. Magunia yakishapakiwa, kompyuta inakwenda Masasi na mpwa wake. Huko kuna umeme, pengine akakue mtaalamu. Niliona kidole cha dada kinasugua ukingo wa meza. Nikaanza kubembeleza, nikapiga magoti, nikajitia kulia, nikamwita jirani majina ya heshima ambayo hata mkuu wa wilaya hajawahi kuitwa. Akacheka. Wafanyabiashara wanapenda dau.

"Haya. Hiyo meli yenu ikifika bandarini hata mara moja kabla lori halijajaa, kompyuta inabaki hapa likizo nzima. Isipofika, msinililie."

Tukawasha. Kaseti ikapiga kelele zake, na nje wapakiaji wakaanza. Kila gunia likitua kwenye lori, sakafu inashtuka: puu. Dada alishusha nyambizi, akapita chini ya manowari ya kwanza bila kupumua. Puu. Ya pili ikatusikia. Mlio ukaharakisha, tiii-tiii-tiii, dada akazima injini, akajaza matangi, tukaenda kulala kwenye mchanga. Manowari ikazunguka juu yetu, ikazunguka, ikachoka, ikaondoka. Bandari ilikuwa mbele kabisa, alama ndogo nyeupe. Pale hatukuwa tumewahi kufika tukiwa hai.

Dada akavuta usukani. Nyambizi haikutikisika. Hewa inashuka.

"Mwageni maji," mpwa akasema.

"Nyamaza," nikamwambia.

"Mwageni maji, washamba! Ni mazito, yanawakandamiza chini!"

"Dada, usimsikilize. Anataka wafe kwa kiu apate kompyuta."

"Wanakufa kwa kukosa hewa, bwege wewe!"

Puu, nje. Nilichungulia dirishani. Mkokoteni ulikuwa umebaki na magunia ya kuhesabu kwa jicho. Dada alikuwa amebandua plasta, kidole kiko juu ya kitufe, hakishuki. Nilimwelewa. Kidole kile kilikuwa kimelelewa na bibi.

Na bibi mwenyewe akaingia. Alikuja kumwita dada akatwange, mkononi ana bakuli la ming'oko, mizizi ya porini aliyotuchemshia, akasimama nyuma yetu.

"Nani amwage maji?"

Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwamkia. Dada akaongea haraka haraka bila kugeuka: "Bibi, kuna watu humu. Wako chini ya bahari, chombo kimejaa maji hakiinuki. Tukiyamwaga kinapanda, lakini maji yao ni hayo hayo. Na hewa inaisha."

Ningekuwa mimi ningecheka. Bibi hakucheka. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akaangalia ile namba ya hewa inavyoshuka, kama alivyokuwa akiinamia kisima mwezi wa kiangazi kikali. Akauliza, "Ni wengi?"

"Sijui, bibi. Meli nzima."

"Wana mama zao?"

"Wanao."

Bibi akanyooka. "Maiti hanywi. Mwaga!"

Dada akabonyeza. Kwanza haikutokea kitu. Halafu televisheni ikatoa sauti ya kukoroma, na namba ya kina ikaanza kupungua, polepole, kisha upesi, kisha mbio, na bibi akaziba mdomo kwa kanga kwa uchungu wa yale maji yanayopotea. Tukatoka juu, kwenye ule mstari wa kijani. Ile manowari ilikuwa imetupa mgongo. Puu. Dada akafungua injini yote, mlio ukageuka, imetuona, tiii-tiii, mimi nimemng'ang'ania mpwa mkono bila kujua ni mkono wa adui, naye anapiga kelele, "Nenda, dada, nenda!" Alama nyeupe ikakua, ikakua, skrini ikawaka yote, ukatoka muziki mfupi wa kijinga. Tumefika. Nje mtu akapiga ubavu wa lori kwa kiganja: limejaa.

Jirani alitimiza ahadi, ila aliitimiza kifanyabiashara. "Nilisema kompyuta inabaki. Inabaki." Akachomoa televisheni, akaipakia. Jenereta pia, na friji lake. "Hivyo sikuviahidi." Lori likashuka kuelekea Masasi, nasi tukabaki barazani na kibao cha herufi na mkia wa waya usioenda popote.

Nilitukana kwa lugha zote nilizozijua, ya Kimakonde na ya shule. Dada alikibeba kile kibao, akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akakielekeza ukutani. Akakaa. Akasema, "Kimya." Halafu: "Toa mlio."

Nikatoa. Tiii... tiii... Likizo nzima niliutoa kwa mdomo, mimi ndiye manowari, mimi ndiye injini, mimi ndiye hewa inayoisha. Rafiki yangu, tulikwenda mbali kuliko ile kaseti ilivyoweza. Tulipita chini ya barafu, tulikwama kwenye nyavu za wavuvi, tulibeba sukari ya magendo. Bibi akipita na ungo wake aliuliza, "Mmefika wapi?" na ilibidi ajibiwe sawasawa, kwa sababu kesho yake alikumbuka.

Mvua zilipoanza, kisima kikapata sauti tena, na basi la kumpeleka dada likaja. Baadaye dereva wa jirani alipita kuchukua kibao chake. Siku hizi jirani ameacha korosho, zilimfilisi, na sebule ile inauza mitumba. Bibi masikio yamepungua, hata nikimtolea mlio ananiambia nisipige miluzi ndani ya nyumba. Dada ana mtoto sasa, kule Lupaso. Nikimtembelea tunaongea habari za mihogo na bei za vitu, ananikaribisha chai, ananiita mgeni.

Lakini asubuhi ile ya basi, begi likiwa tayari kichwani, alirudi ndani mara moja. Tulikuwa tumeiacha nyambizi katikati ya safari jana yake. Akakitazama kibao juu ya kinu, ambacho kwa majuma hakikuwa kimeonja umeme, akaniambia, "Usiizime."

Nikamjibu, "Sawa, kapteni."