Mama Asiyelia Mlangoni

Asubuhi, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, Florentine Kavira anakanyaga cherehani huku akiimba. Mguu ukienda mbio anausimamisha, anavuta pumzi kutoka tumboni, anaanza upya. Wateja waliofuata nguo zao za harusi wanasubiri, na hakuna anayenung'unika.

"Mwimbo ya huzuni, hapana kuiimba na huzuni yote," anasema bila kuinua uso. "Ukimwanga yote ku mwanzo, ku mwisho utaimba na nini?"

Fundi huyu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ndiye anayeimba sehemu za mtu mmoja katika kwaya ya kanisa lake. Bibi harusi anapotoka kwao, kwaya humwimbia mlangoni, na ubeti wa mwisho, wa Kinande, lugha ya kwao, huachiwa mtu mmoja. Ndiyo baraka yenyewe, nayo hairudiwi. Gari likishaondoka, basi.

Bintiye mkubwa, Eliane, alipoolewa huko Kasugho, Florentine alifika kwenye ubeti huo akamtazama machoni. Mama akalia kwa kwikwi, gari likaondoka, na Eliane akaenda bila baraka.

"Batu balisema, 'Huyu mama anapenda mutoto wake,'" anacheka, kisha kicheko kinakoma. "Lakini mutoto alienda mikono mutupu. Iliniuma sana."

Jumamosi ni zamu ya binti mwingine, Keren, anayeolewa Beni, mtaa wa Mulekera. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hiyo kiongozi wa kwaya, Maestro Zorobabel, alishauri aimbe mtu mwingine. Florentine alikataa katakata. Maestro akasalimu amri, akamfundisha: tazama paji la uso, si macho; pale machozi yanapotaka sauti ipande, wewe ishushe.

Jumamosi inafika. Keren anasimama mlangoni, kwaya inanyamaza. Florentine anamtazama kwenye paji la uso na kuanza chini, polepole. Sauti inatikisika mara moja. Anaishusha zaidi, karibu na kunong'ona, na neno la mwisho linafika salama hadi barabarani kwa wenye pikipiki.

Mashangazi wanalia. Maestro analia. Hata mwandishi wa habari hizi, aliyedhani amekuja kazini, anatafuta leso. Florentine peke yake ni mkavu.

"Mama Eliane, hata chozi moja?" mama wa bwana harusi anamtania. "Ama ulimuchoka?"

"Nililia wiki yote, ku mashini," anajibu. "Leo nilikuwa na kazi."

Sasa anamfundisha mwenzake wa kwaya, Sophie, ubeti ule ule. Nyumbani amebaki kitinda mimba, Kavugho. Je, huyo naye mama hatamwimbia mwenyewe?

Florentine anatabasamu, anakata uzi kwa meno.

"Hapana. Ya Kavugho, Sophie njo ataimba. Mimi nitaikala na bamama bengine, nilie mupaka nishibe."