Bima Aliyonikatia Shemeji

Bima ya nyumba nilikatiwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tuko rika moja, na kwa desturi yetu shemeji wa rika lako ni mtani. Ataniita mke wake mbele za watu, atakula chakula changu na kukisema, nami nitamwambia meno yake yalipangwa na fundi mlevi. Mwenye akili zake hachukii. Utani una kasoro moja tu: ukimuuliza mtani neno la maana, hujui kama ulichopewa ni jibu.

Alipoanza uwakala, mteja wake wa kwanza nilikuwa mimi. Alikaa barazani kwangu, Nguvumali, akanieleza kuwa ada hupanda na kushuka kulingana na hatari. Moto una ada yake, wizi yake, mafuriko yake. Tena kila hatari ina sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba huibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Ukikubali kubeba kubwa, ada inakuwa ndogo.

"Na maji je?" nikamuuliza. Nyumba yangu iko bondeni, na chumba cha mama yangu, kule uani, kilikuwa cha tofali mbichi zilizopigwa plasta.

"Maji! Mke wangu, labda bahari ikodi bajaji ije huku."

Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Yeye akajaza fomu, mimi nikatia saini. Ningembana ningeonekana simwamini ndugu wa mume wangu.

Masika yaliyofuata, maji yaliingia uani asubuhi na hayakuwa na haraka ya kutoka. Ukuta wa chumba cha mama ukalala chini. Nikamhamishia mama kwenye kochi la sebuleni. Kaka yangu wa Muheza akapiga simu, akasema kama chumba hakijengwi, atakuja kumchukua. Mama hakutaka kwenda. Alitaka kuzeekea pale pale, kwa majirani aliowazoea. Nikamwambia asitie shaka, tuna bima.

Mkaguzi wa kampuni alikuja amekunja suruali. Akapima, akapiga picha, kisha akavuta kiti karibu yangu.

"Mama, ungekuwa moto, ungebeba kidogo sana, kilichobaki tungelipa sisi. Wizi nao hivyo hivyo. Lakini kwenye mafuriko ulikubali kubeba sehemu kubwa. Hasara hii haifiki hapo. Yote ni yako."

Nikasema labda shemeji alipitiwa. Nilimtetea kwa moyo wote, mjinga mimi. Yeye mwenyewe anakaa mtaa wa nyuma, bondeni vile vile, na jikoni kwake maji yalibomoa. Nikaenda kumpa pole mkewe, nikakuta mafundi wanapandisha tofali.

"Kampuni imetoa, dada," mkewe akaniambia kwa furaha. "Mume wangu alisema huku kwetu maji hayana adabu, bora tulipe ada kubwa tubebe kidogo. Kwani wewe hakukufanyia hivyo?"

Kumbe swali langu alilielewa vizuri, na jibu alikuwa nalo. Alilitumia kwake, mimi akanipa mzaha, maana ada kubwa ingenitisha naye angekosa mteja. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilinila huku nacheka.

Kaka alikuja Jumamosi. Mama alifunga kanga zake na mkeka wake wa kuswalia, akapanda gari bila neno la lawama, na hilo liliniuma kuliko ukuta. Vumbi halijatulia, shemeji akatokea uchochoroni, mikono ameitandaza kama kawaida yake.

"Mke wangu! Leo umepika nini?"

Nikavuta kanga kichwani, nikainamisha macho kama mbele ya mzee wa watu.

"Shikamoo," nikamwambia.

Mikono ikamshuka. Akasimama pale akingoja nicheke. Nikaingia ndani, nikafunga mlango.